Masta ya kufundisha sayansi na hesabu kwa mtandao ukiwa Tanga: walimu wa sekondari tupeane ukweli

#1 Bint Sahare

Wakuu, amani iwe kwenu. Uzi huu nauandika kwa sababu inboksi imejaa swali lile lile: "Ticha, hiyo masta uliisomaje ukiwa hapa hapa Tanga?" Nikijibu mmoja mmoja sitamaliza, na majibu yenyewe yanahitaji wabishi. Karibuni, wabishi mtangulie.

Nafundisha fizikia na hesabu sekondari ya serikali hapa mjini. Nimemaliza masta ya elimu ya STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) kwa mtandao katika chuo cha Marekani, vipindi vyangu nikiwa navyo vyote. Jina la chuo silitaji, uzi usije ukageuka tangazo la biashara.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Masta ya namna hii ni ya mwalimu ambaye bado anashika chaki. Aliyekwisha hamia ofisini, au aliye nyumbani anasubiri ajira, atafaulu kama wengine ila nusu ya pesa yake itapotea. Kila kazi wanayokupa inakurudisha darasani: kafundishe hiki, jirekodi, kusanya madaftari ya wanafunzi, tazama walipokwama, kisha njoo uandike. Asiye na darasa atabuni, na kubuni wanafunzi kwa miaka miwili kunachosha kuliko kuwafundisha.

Muundo wake ni huu. Masta nyingi za Marekani za aina hii ni krediti 30 hadi 36, na somo moja huwa krediti 3. Aliye kazini huchukua somo moja au mawili kwa semista. Utakutana na nadharia za kujifunza, mbinu za kufundisha sayansi na hesabu, upimaji, teknolojia ya darasani, uhandisi kwa wanafunzi wa sekondari, na utafiti. Mwisho kuna tasnifu au mradi wa mwisho, chuo na chuo.

Kilichonifungua macho ni hoja ya Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, ya mwaka 1986. Alisema kulijua somo ni jambo moja, kujua ualimu kwa ujumla ni jambo la pili, na kuna elimu ya tatu katikati: kujua somo lile linavyofundishika. Mfano, ni wapi mtoto hukwama kwenye mkondo wa umeme, na ni mchoro gani utamkwamua. Digrii yangu ilinishibisha zile mbili za kwanza. Ya tatu niliachiwa niiokote mwenyewe kazini, na nadhani wengi humu ndiyo hali yao.

Halafu kuna muundo wa somo wa hatua tano ambao waliuandaa wale wa BSCS, shirika la mitaala ya sayansi kule Marekani, miaka ya 1980: kuwavuta wanafunzi, kuwaacha wachunguze, kueleza, kupanua, kutathmini. Angalia maelezo ya mwalimu yako wapi. Yako ya tatu. Sasa fungua andalio la somo lako la jana uone yako wapi.

Ulizeni.

#2 Chumbageni Kwetu

Nimeweka kigoda hapa.

#3 Ticha Pongwe

Asante kwa uzi, mkuu. Mimi nina maswali mawili tu. Kwanza, TCU wanaitambua? Pili, kaka, hivyo vipindi vya moja kwa moja unahudhuria saa ngapi?

#4 Bint Sahare

Ticha Pongwe, kaka tena? Jina si unaliona hapo juu! Haya.

La TCU ndilo la kuanza nalo kabla hujalipa hata senti. Kutambua tuzo za vyuo vya nje ni kazi ya Tume ya Vyuo Vikuu, na maombi yanafanyika kwa mtandao. Wewe usisubiri kumaliza. Waandikie ukiwa na jina la chuo, jina la programu na maelezo kwamba inasomwa kwa masafa, wakujibu kwa maandishi. Jibu la mdomo kaunta usilitegemee, yule aliyekujibu anaweza kuhama.

Kwa upande wa chuo chenyewe, angalia ithibati. Marekani serikali haikithibitishi chuo moja kwa moja. Kuna mashirika ya ithibati, nayo yanatambuliwa na Wizara ya Elimu yao au na baraza linaloitwa CHEA. CHEA wana orodha mtandaoni, unaandika jina la chuo unaona. Kuna vyuo feki vimejitungia hadi shirika feki la kuvipa ithibati, kwa hiyo kuona neno "ithibati" kwenye tovuti ya chuo hakutoshi. Nenda kwenye orodha.

Jambo jingine ambalo mawakala hawalisemi: programu nyingi za kule zina mikondo miwili. Mmoja ni wa watu wanaotafuta leseni ya kufundisha ya jimbo fulani, nao unadai mazoezi ya kufundisha ndani ya shule za kule. Mwingine ni wa walimu ambao tayari wako kazini. Wewe wa Pongwe unautaka huo wa pili. Ukiingia wa kwanza utafika mahali utaambiwa utafute shule ya mazoezi Texas.

Kuhusu saa: programu nyingi hazina vipindi vya moja kwa moja vya lazima. Hufanya hivi: hadi Jumatano uwe umeweka hoja yako kwenye jukwaa la darasa, hadi Jumapili uwe umewajibu wenzako wawili. Lakini somo la utafiti lilikuwa na kikao cha saa moja jioni ya New York. Kwetu hiyo ni saa nane usiku. Wakirudisha saa zao nyuma Novemba, inakuwa saa tisa. Unamaliza kikao, unaswali alfajiri, unaoga, unawahi namba ya asubuhi. Wakati wa kuomba, uliza kabisa ni masomo gani yana vikao vya moja kwa moja na saa ngapi.

#5 Babu wa Makorora

Wanangu hamjambo. Mimi ni mstaafu, nimefundisha kemia tangu chaki inatoka kwenye mgao. Nasoma hapa nacheka kidogo. Hamsemi jambo kubwa: mshahara. Masta haikupandishi daraja kesho yake. Kupanda daraja ni utendaji, tange (orodha ya watumishi kwa ukuu kazini), bajeti na kibali. Siku hizi kuna PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, unajaza malengo yako humo, nayo hayaulizi umesoma Marekani au Muheza. Binti atwambie: ada amelipa kiasi gani, na imerudi kupitia dirisha gani?

#6 Bint Sahare

Shikamoo babu.

Ada ndiyo kidonda. Vyuo vya Marekani vinatoza kwa krediti, na bei zinatofautiana mno: kuna wa dola mia tatu na ushee kwa krediti, kuna wanaopita elfu moja. Zidisha kwa 30. Hata wa bei ya chini wanazidi shilingi milioni 20 ukibadilisha. Kwa mwalimu wa digrii ambaye Bodi ya Mikopo inamkata asilimia 15, na ambaye kisheria lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara, mkopo wa benki wa kulipia hiyo yote haupo. Mimi nilipata punguzo la chuo na sehemu nikalipa mwenyewe kwa awamu, semista kwa semista. Bila punguzo nisingeanza, na simshauri mtu aanze.

Haijarudi kupitia dirisha lolote la hela, babu. Anayesoma kwa ajili ya mshahara aende kwa afisa utumishi na barua yake ya ajira, asomewe muundo wa utumishi wa walimu unasemaje kuhusu kada yake, ndipo aamue. Nimekubali hoja yako yote hapo.

#7 Mkemia wa Korogwe

Wakuu, kwa nini tunakimbilia ng'ambo? Mimi nipo mwaka wa pili masta ya elimu Chuo Kikuu Huria. Huria kimeundwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahususi kwa elimu ya masafa, kina kituo cha mkoa Tanga, ada ni ya shilingi, na TCU huna haja ya kuwaandikia barua ya kuwauliza. Masomo yako kwenye mfumo wa mtandao, mitihani unafanya kituoni. Supavaiza wangu ni Mtanzania, anajua mkondo wa Kidato cha Pili wenye watoto themanini unafananaje. Wa kwako, dada, anajua?

#8 Bint Sahare

Hajui, na alikuwa na adabu ya kusema hajui. Kwenye andalio langu la kwanza aliandika pembeni: wanafunzi 82, hii ni hesabu ya shule nzima au darasa?

Huria sina ugomvi nacho hata chembe, kwa walimu wengi ndilo chaguo la akili. Nilichokifuata mimi ni kozi iliyojikita kwenye ufundishaji wa sayansi, hesabu na uhandisi peke yake, kwa sekondari. Masta nyingi za elimu hapa ni za mitaala, uongozi, tathmini. Ni nzuri, lakini zinakuandaa kuondoka darasani.

#9 Mzigua Mpole

Kuna njia ya tatu. Tume ya Ufadhili wa Masomo ya Jumuiya ya Madola, iliyoko Uingereza, inatoa ufadhili wa masta kwa masafa kwa watu wa nchi zinazoendelea za Jumuiya ya Madola, sisi tumo. Unabaki nchini kwako na kazi yako, ada inalipwa yote. Wanataka digrii ya kwanza ya daraja la pili la juu. Kama yako ni ya chini yake, uzoefu wa kazi unaweza kukubeba. Kozi zinachaguliwa kila mwaka kutoka vyuo shiriki, kwa hiyo orodha ya mwaka jana usiitegemee. Na ni maombi mawili: moja kwa tume, moja kwa chuo. Wengi huangukia hapo, wanajaza la tume wanakaa kusubiri.

Saa za Uingereza nazo hazikutesi, tunawazidi mbili au tatu tu.

Na anayeweza kupata ruhusa ya masomo akasafiri, Chuo Kikuu cha Rwanda, kampasi ya Rukara, wana kituo cha umahiri cha Afrika kwa ajili ya ufundishaji wa hesabu na sayansi. Huko hata walimu wa fizikia mtajaa basi zima.

#10 Lushoto Baridi

Huku kwetu milimani mtandao unakuja na kuondoka na ukungu. Video unaipandishaje? Nasikia mnajirekodi.

#11 Bint Sahare

Lushoto Baridi, kujirekodi ndiko kulikonifundisha zaidi ya vitabu, kwa hiyo usikwepe. Simu juu ya dawati la nyuma, imeegemea chupa ya maji, dakika kumi na tano. Halafu unapunguza ubora wa video hadi 480, unapandisha usiku wa manane ambapo bando la usiku ni la bei rahisi. Wahadhiri ukiwaandikia mapema hali yako wanakubali hata sauti na picha chache. Usiandike saa ya mwisho umeme umekatika, wanajua huo wimbo dunia nzima.

Kwa upande wa zana, kuna maabara za kuigiza za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, alizozianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia. Ni za bure, unazipakua ukishuka mjini, zinafanya kazi bila intaneti, na baadhi zimetafsiriwa Kiswahili. Kompyuta mpakato moja na projekta ya kuazima inatosha. Marejeo niliyapanga kwa Zotero, nayo ya bure.

#12 Bint Ngamiani

Shoga yangu, mimi nataka kuona, sitaki kusikia. Tupe somo moja ulilofundisha baada ya hiyo masta ambalo kabla yake usingelifundisha hivyo. Lote, na vumbi lake.

#13 Bint Sahare

Haya, la kupwa na kujaa.

Kwenye kozi ya uhandisi na hesabu tulitakiwa tutafute jambo ambalo jamii inayozunguka shule inalijua vizuri kuliko kitabu, tulipeleke darasani. Wenzangu wa Marekani wakaleta kilimo cha mahindi, wakaleta skeitibodi. Mimi nikaleta bahari.

Jumamosi moja tulikwenda ufukweni na kikundi cha Kidato cha Tatu, wazazi wamesaini, mwalimu mwenzangu yupo. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Tulichomeka mti ulionyooka, tumeuwekea alama za rangi kila sentimita kumi. Kazi yao: kila nusu saa msome maji yamefika alama ipi, mjaze jedwali. Kabla hatujaanza nikawaambia kila mmoja achore kwenye daftari grafu anayoitarajia. Karibu wote walichora mstari mnyoofu unaopanda. Maji yanajaa, basi yanajaa sawasawa.

Saa ya kwanza maji yalisogea kidogo mno, watoto wakaanza kuchezea kaa. Mmoja akauliza kama mti tumeuweka vibaya. Sasa kuna kijana pale, hesabu zake ni za mashaka, baba yake mvuvi. Akasema, "Madamu, bado hayajashika kasi. Yakishashika tutakimbia." Wenzake wakamcheka. Ilipofika saa ya tatu na ya nne yule msoma alama alikuwa anakunja suruali, tukarudi nyuma na viatu mkononi, na ile saa ya mwisho maji yakapoa tena mpaka ukadhani yamesimama.

Jumatatu tukachora. Si mstari, ni mkunjo unaoanza taratibu, unasimama wima katikati, unalala juu. Mabaharia wana kanuni yao ya kale: gawa kina chote mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza linaingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tukalinganisha na jedwali letu. Halikukaa sawasawa, lakini lilikaribia kiasi kwamba darasa lilipiga kelele. Yule kijana wa mvuvi akaitwa ubaoni aeleze bamvua (maji makubwa) na maji mafu (madogo), kwa nini mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji yanafika mbali, pwani yetu hii yanapanda zaidi ya mita 3. Akaeleza pia kwa nini baba yake kila siku anatoka baharini kama dakika hamsini baadaye kuliko jana. Nikaongezea mwezi na dunia. Maelezo yangu yalikuja ya tatu, kama ule muundo unavyotaka, na safari hii yaliingia.

Kwa walimu wa Kidato cha Tano: huo mkunjo ni grafu ya saini (sine), na mzunguko wake ni saa 12 na dakika 25 hivi. Mnaweza kwenda nao mbali.

#14 Babu wa Makorora

Limenifurahisha, sitasema uongo. Lakini Novemba NECTA hawaulizi bamvua.

#15 Bint Sahare

Babu, mtihani wa vitendo wa fizikia unauliza nini? Jedwali, vizio, grafu, mteremko, na chanzo cha makosa. Watoto wetu wanachora grafu ya pendula bila kujua kwa nini wanachagua skeli. Pale ufukweni skeli ilikuwa na sababu: mti una mita mbili, karatasi ina sentimita ishirini. Na chanzo cha makosa walikiona kwa macho, mawimbi yanapandisha alama na kuishusha, wakakubaliana kusoma katikati. Ufaulu wa shule una sababu nyingi, siubebi hapa. Ninachosema ni kwamba ile saa ya kuwaeleza "makosa ya usomaji" nimeiokoa.

#16 Ticha Pongwe

Sawa, huo ni ufukwe na kikundi. Turudi kwenye watoto 82 ndani ya chumba, kipindi dakika 40. Uchunguzi gani hapo?

#17 Bint Sahare

Huko ndiko nilikodhani masta itaniangusha, ikaniokoa. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kuwafundisha wanafunzi wake kwa maswali ya kupigia kura, kwa kuwa aligundua wanakokotoa vizuri huku dhana hawanazo. Darasa lake lilikuwa kubwa pia. Unauliza swali la dhana lenye majibu matatu, kila mtu anafikiri kimya dakika moja, anapiga kura. Hapana kujadili bado. Kisha ageukie jirani aliyepiga kura tofauti, wabishane dakika tatu. Wapige tena. Ndipo ueleze.

Wao wana vifaa vya kubonyeza. Sisi vidole kifuani: kimoja, viwili, vitatu. Kifuani, asiweze kuchungulia wa mbele yake. Haihitaji meza kuhama wala zana, na darasa la watu 82 linafanya vizuri kuliko la 20 kwa sababu wabishi wapo wa kutosha.

Mfano wa Kidato cha Kwanza, mada ya kuelea. Ngalawa ndogo imebeba mawe, inaelea ndani ya bwawa. Ukiyatoa mawe ukayatupa bwawani yakazama, kina cha maji ya bwawa kitapanda, kitashuka au kitabaki vile vile? Jibuni na humu.

#18 Chumbageni Kwetu

Kitapanda, mawe si yameingia majini.

#19 Bint Ngamiani

Kitabaki. Mawe ni yale yale na maji ni yale yale.

#20 Babu wa Makorora

Kitapanda. Nimekuwa mwalimu miaka mingi, msinichezee.

#21 Mkemia wa Korogwe

Kitashuka, jamani. Jiwe likiwa ndani ya ngalawa linasukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Likizama linasukuma maji yenye ujazo sawa na ujazo wake tu. Jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo huo huo, kwa hiyo likizama linasukuma maji machache kuliko lilipokuwa ndani ya chombo.

#22 Bint Sahare

Mkemia kamaliza. Na mmeona wenyewe, kura zimegawanyika hata kwa walimu. Sasa fikiria kelele za watoto 82.

#23 Mzigua Mpole

Nirudi kwenye masta. Utafiti wa mwisho ulikusanya data shuleni hapa hapa? Mimi ndiyo nakaribia.

#24 Bint Sahare

Hapa hapa, na ndipo muda mwingi unapoliwa, zaidi hata ya kuandika. Kuna maadili pande mbili. Chuo cha kule kina bodi yake ya maadili ya utafiti, na kwa kuwa wanafunzi wako chini ya miaka 18 wanataka ridhaa ya mzazi kwa maandishi na ridhaa ya mtoto mwenyewe. Fomu ziandike kwa Kiswahili kinachosomeka na mzazi wa Duga, na nakala ya Kiingereza kwa bodi. Kwa upande wetu, utafiti unaopitia chuo cha nje anza na COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa kibali, halafu barua zinashuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Jiji, afisa elimu sekondari, mkuu wa shule. Kila dawati lina siku zake. Panga vibali semista moja kabla ya kuhitaji data, na usipange kukusanya data Oktoba na Novemba, shule ziko kwenye mitihani na hakuna atakayekuangalia usoni.

Jingine: ukiwafanyia utafiti wanafunzi wako mwenyewe, bodi itakuuliza mtoto anawezaje kukukatalia wewe unayemsahihishia mtihani. Swali la haki kabisa. Nilimwomba mwalimu mwenzangu ndiye akusanye fomu, mimi nisijue nani kakubali na nani kakataa mpaka matokeo ya muhula yametoka.

#25 Lushoto Baridi

Na barua za kupendekezwa? Wanataka za nani?

#26 Bint Sahare

Kwa kawaida mbili au tatu. Moja ya mhadhiri wa digrii yako, moja ya mkuu wa shule. Mkuu wa shule mpe nukta za kuandika: vikundi vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) ulivyoongoza, klabu ya sayansi, mada ulizowafundisha wenzako. Bila hivyo atakuandikia "ni mtumishi mtiifu na hana kesi ya nidhamu", na kamati ya kule haitajua iifanyie nini hiyo sentensi. Nakala za matokeo vyuo vingi vinataka zitumwe na chuo chako moja kwa moja, na wengine wanataka zipitie shirika la kutathmini kama WES, ambalo lina malipo yake. Mtihani wa Kiingereza uliza kama wanakusamehe kwa kuwa digrii uliisoma kwa Kiingereza. Baadhi wanasamehe ukileta barua ya chuo.

#27 Babu wa Makorora

Nimechukua beseni la mama watoto, bakuli la plastiki, na mawe manne ya uani. Nimeweka alama kwa kalamu. Maji yameshuka. Kidogo, lakini yameshuka. Nimerudia na mawe makubwa, yameshuka zaidi. Mjukuu wangu wa Kidato cha Kwanza anasema hiyo alishaijua, shuleni kwao walipigia kura kwa vidole. Binti, unafundisha shule gani? Usijibu hapa, nimeshajua.

#28 Bint Ngamiani

Babu nisubirie hilo beseni, Jumatatu nina Kidato cha Kwanza C vipindi viwili mfululizo.